Alimantasio ya ordinateri: tusiache sanduku dogo likule karatasi zetu

Wakati mtu ananunua ordinateri huku kwetu anauliza mambo matatu: ekrani ni kubwa namna gani, disiki inabeba giga ngapi, na bei inashuka mpaka wapi. Juu ya alimantasio hakuna anayeuliza. Ni lile sanduku la chuma lenye ventilateri, nyuma ya mashine, pale unapochomeka kamba ya umeme. Sisi wa sendika tunasema wazi kwamba hilo ndilo swali la kwanza, mbele ya ekrani na mbele ya disiki. Na hatusemi hivi juu tunapenda mambo ya mashine. Tunasema hivi juu ya karatasi za watu.

Mnajua vile kazi imegeuka tangu sutretansi iingie kila pahali. Mtu anatumika miezi sita kwa kampani moja, miezi nane kwa ingine, kisha kampani inafunga konteneri yake ya ofisi na inaondoka. Siku anafika CNSS kuuliza pansio, ao siku mjane anakuja na batoto kuuliza haki ya marehemu, wanamwomba biletini za malipo, kontra, ripoti ya aksida. Mara mingi karatasi zile ziko paka pahali pamoja: ndani ya ordinateri ya delegasio ya sendika, ao kwa kijana wa sekretaria pembeni ya barabara aliyezipiga skani mwaka ule. Karatasi yenyewe ilishaoza na mvua, ilishaliwa na panya, ilishapotea wakati wa kuhama nyumba. Inayobaki ni ile iliyo ndani ya disiki.

Kuna kamiti moja ya wenzetu, hatutaitaja, waliokuwa wametengeneza orodha ya watu wote waliodai ariere kwa kampani iliyoondoka. Kazi ya miezi, jina kwa jina, na namba ya kila mutu. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, alimantasio ikapasuka pa! Haikufa peke yake. Ilikufa pamoja na karta mama na disiki. Ikabidi waanze tena kuzunguka nyumba kwa nyumba, na wengine kati ya wale watu walikuwa wamesharudi Kasai, wengine wako chini ya ardhi. Sanduku lililofanya vile lilikuwa na bei ndogo kuliko mufuko moja ya bunga.

Sasa, lile sanduku linafanya nini? Umeme wa ukutani kwetu ni volti 220, na unageuka-geuka mara 50 kwa sekonde. Ordinateri haiwezi kuula vile. Ndani yake inatumia umeme wa kwenda upande mmoja, tena mudogo: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Ni sawa vile mawe ya karieri hayaingii moja kwa moja ndani ya tanuru. Yanapita kwanza kwa konkasere, kisha kwa kinu, kisha kwa konsantrateri. Alimantasio ndiyo izini yote ile ndani ya sanduku moja. Na kama konkasere inatoa leo mawe makubwa, kesho madogo, mtu wa mbele hawezi kufanya kazi yake, hata awe fundi wa namna gani.

Watu waliotunga kanuni ya masanduku haya, ile inayoitwa ATX, iliyotolewa na Intel mwaka 1995, waliandika mipaka. Volti zisipande wala kushuka zaidi ya 5 kwa mia. Maana yake waya wa njano, ule wa volti 12, unapaswa kukaa kati ya 11.4 na 12.6. Waya mwekundu, wa volti 5, kati ya 4.75 na 5.25. Wa rangi ya machungwa, wa 3.3, kati ya 3.14 na 3.47 hivi. Zaidi ya pale, umeme wenyewe usitetemeke: kwa volti 12, mtetemeko usipite milivolti 120, na kwa zile mbili zingine usipite 50. Alimantasio mbaya inaweza kuonyesha 12 safi wakati mashine haifanyi kitu, kisha ukifungua programu mbili tatu inaanguka mpaka 11. Hapo ndipo ordinateri inazima yenyewe katikati ya kuandika, ao inaandika faili nusu, ao disiki inaanza kulia tik-tik. Watu wanasema "ni virisi." Wanalipa kijana afute virisi, mara ya kwanza, mara ya pili. Kumbe virisi hakuna. Ni sanduku.

Tuongee juu ya umeme wetu. Mitambo ya maji ya Mwadingusha na Koni kwa mto Lufira, na ile ya Nzilo na Nseke kwa mto Lualaba, ilijengwa wakati wa Wabelgiji juu ya kulisha Union Minière. Baadaye, mwaka 1982, ikafika laini ya Inga: kilometa karibu 1,700 mpaka Kolwezi, na umeme unaopita mule ni wa kwenda upande mmoja, sawa ule wa ndani ya ordinateri. Pale Kolwezi kuna stasio kubwa inayougeuza upya ili uingie kwa mitambo. Kwa hiyo kazi ya kugeuza umeme si jambo geni kwetu, tunaishi pembeni yake. Nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini, na sisi ndani ya kartie tunapata mabaki. Saa moja ya magharibi, wakati kila nyumba inawasha reshoo, chomeka multimetri kwa prizi yako uone. Tumesoma 170. Tumesoma chini ya pale. Kisha kati ya usiku, watu wamelala, inapanda na kupita 240. Na kila delestaji ikiisha, umeme unarudi na teke.

Basi alimantasio ya mutu wa huku haifanane na ya mutu wa Brussels. Kitu cha kwanza cha kusoma kwa etiketi ni pale wanapoandika umeme unaoingia. Kama wameandika 100–240 V, bila kitufe cha kugeuza, sanduku lile linavumilia: umeme ukishuka mpaka 170, hata 150, ndani linaendelea kutoa 12 ileile. Kama wameandika 200–240 V tu, magharibi litakusumbua kila siku. Na kama nyuma kuna kitufe kidogo chekundu cha 115 na 230, kuwa mwangalifu sana. Mashine mingi za okazio zinazoshuka hapa zimetumika Amerika, na kitufe kimebaki kwa 115. Ukichomeka vile kwa 220 utasikia mlipuko na utaona moshi, na pale hakuna garanti ya mtu. Angalia kitufe mbele ya kuchomeka. Mwambie mtoto naye aangalie.

Sanduku zile za 100–240 kwa kawaida zina kitu kinachoitwa PFC aktifu, herufi hizo huandikwa kwa etiketi ao kwa katoni. Tunazipenda. Lakini tuseme pia ubaya wake: zingine hazipatani na onduleri za bei ya chini, zile ambazo zikipita kwa batri zinatoa umeme wa ngazi-ngazi badala ya wimbi laini. Umeme ukikatika, onduleri inalia, na ordinateri inazima vilevile. Ukinunua vyote viwili, vijaribu pamoja mbele ya kulipa: choma, washa, kisha vuta kamba ya onduleri toka ukutani. Muuzishaji akikataa jaribio lile, umeshapata jibu.

Na onduleri inahitajika. Wengine wanafikiri alimantasio nzuri inaweza kuvuka kukatika kwa umeme. Hapana. Kanuni inaomba sanduku lishikilie kama milisekonde 16 hivi baada ya umeme kupotea. Mzunguko mmoja wa umeme wetu ni milisekonde 20. Ni kufumba jicho, hata siyo kufumba. Inatosha onduleri ishike kazi, haitoshi mtu awashe grupe.

Wati. Hapa ndipo uongo unakaa. Katoni inasema 600 W, na mutu anafurahi juu namba ni kubwa. Acha katoni. Soma etiketi iliyobandikwa kwa chuma, tafuta safu ya +12V, soma ampere. Kama wameandika 17 A, fanya hesabu: 12 mara 17 ni 204. Sanduku lile kwa kweli ni la wati 200 na kidogo, juu mashine za siku hizi zinakula karibu yote kwa volti 12. Zile zingine za kufikisha 600 zimetoka kwa kinywa cha muuzishaji. Kama safu ya +12V haipo kabisa, ao etiketi yenyewe haipo, rudisha. Na tena, ordinateri ya ofisi, bila karta kubwa ya michezo, kwa kawaida haifiki wati 150 hata inapotumika kwa nguvu. Wati 300 za kweli zinatosha na zinabaki. Kijana anayetaka kutumika na video ao michezo, yeye hesabu yake ni ingine, aanze na karta yake inaomba nini.

Juu ya ile alama ya 80 PLUS: ilianza mwaka 2004, na inasema kwamba sanduku halipotezi zaidi ya sehemu moja kwa tano ya umeme kuwa joto, likipimwa kwa mzigo wa 20, wa 50 na wa 100 kwa mia. Kisha kuna shaba, feza, zahabu na kupanda. Ni alama nzuri, inapunguza joto. Lakini haipimi kama volti zinatulia. Mtu asikuuzishie zahabu akisema ni utulivu. Na karatasi ya kubandika, kila mutu anaweza kuichapisha.

Sisi watu wa shaba tuko na dawa moja ambayo wengine hawana: mkono. Shika sanduku. Alimantasio ya kweli ina transfo, ina mabobini ya shaba, ina chuma kinene cha kutoa joto. Ile ya uongo ni nyepesi sawa kopo tupu: bobini zimepunguzwa, waya ni mwembamba, na pale kwa mlango wa umeme, ambapo inapaswa kuwa na filta ya kukamata teke, wameweka vipande viwili vya waya tu. Shaba yetu inatoka hapa, inazunguka dunia, na inarudi kwetu ndani ya sanduku ambamo wameiiba. Uzito peke yake si ushahidi wa mwisho, lakini jepesi sana halijawahi kuwa zuri.

Ndani yake kuna pia kondensateri, vile vikopo vidogo. Vizuri vinaandikwa 105 °C, vya bei ndogo 85 °C. Mafundi wa elektroniki wanahesabu kwamba kila nyuzi 10 za joto ukipunguza, kondensateri inaishi karibu mara mbili. Sasa weka pale vumbi letu jekundu, lile la barabara ya kamio, linaloingia hata ndani ya sahani ya chakula. Ventilateri inalivuta siku nzima, linafunika kila kitu sawa blanketi, joto linapanda, vikopo vinavimba kichwa. Mara moja kwa mwezi, zima, chomoa, peleka mashine inje, upulize. Usiiweke chini kwa sima, weka juu ya meza.

Kwa kamiti yetu kuna proforma tatu mezani. Ya kwanza ni mashine mpya yenye taa za rangi na alimantasio isiyo na jina, "700 W". Ya pili ni ileile pamoja na stabilizateri. Ya tatu ni mashine ya okazio ya ofisi, Dell ao HP, haina sura, na alimantasio yake ya izini ya wati 240, pamoja na onduleri. Wenzetu wengi wanataka ya pili. Wanasema stabilizateri itatengeneza kila kitu. Tunawaheshimu, lakini stabilizateri inatengeneza kile kinachoingia. Kama konkasere ni mbovu, hata ukiiletea mawe mazuri itatoa takataka. Ukiipa alimantasio mbaya 220 safi, bado itatoa 12 inayotetemeka. Tena zile stabilizateri za tak-tak zinachelewa kuruka, na teke la umeme halingoji.

Sisi tuko kwa ya tatu. Wati 240 zilizopimwa na izini zinapita 700 za katoni. Alimantasio za mashine zile za ofisi mara mingi zinatengenezwa na watu kama Delta ao Lite-On, wanaofanya kazi ile tu. Ubaya wake tuuseme: mashine mingi za Dell na HP zina plagi yao ya pekee, haifanani na ya ATX ya kawaida. Siku ikikufa, huwezi kuweka yoyote ya sokoni. Kwa hiyo proforma ya tatu iandikwe na alimantasio ya akiba ya namna ileile, sasa hivi, wakati bado ipo. Na mwenye kutaka sanduku jipya la ATX, kuna majina yanayojulikana, Seasonic, FSP, Corsair. Corsair yenyewe inatengenezesha kwa izini za wengine, si aibu. Garanti ya miaka 3 ao 5 inasema zaidi kuliko taa za rangi, ingawa garanti ya ng'ambo huku kwetu ni karatasi tu kama muuzishaji mwenyewe haikubali.

Watatuambia, "Feza iko wapi?" Swali ni la haki. Mtunza feza wetu hachezi, na michango ya watu ni jasho. Basi tupunguze ekrani. Tuache kibodi ya taa. Mwenye kufungua sekretaria na dekonti yake ya mwisho, tunamwambia vilevile: tangu wale wa Gécamines walioondoka mwaka 2003, tumeona dekonti mingi zikigeuka kuwa mashine, na mashine zikigeuka kuwa vyuma vya kuuzisha kwa kilo. Ile pesa hairudi mara ya pili.

Kupima si kazi ya profesa. Mashine ikiwa inatumika, na isiwe imelala, ikopishe faili kubwa, weka mti mweusi wa multimetri kwa waya mweusi na mti mwekundu kwa waya wa njano wa plagi ya mashimo manne. Chini ya 11.4, badilisha. Ile mbinu ya kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha chuma inaonyesha paka kwamba ventilateri inazunguka, si zaidi. Mtetemeko multimetri haiuone, unaomba osiloskopu. Elektrisie wetu wa izini wanayo, na tumewaomba siku moja ya mapumziko.

Lakini usifungue sanduku lenyewe. Wewe mutu wa mgodi unajua konsinyasio: hakuna mkono ndani ya mashine mbele ya kufuli na karta. Ndani ya alimantasio kuna kondensateri inayobeba volti zaidi ya 300, na inaweza kubaki nazo hata kamba imechomolewa. Batoto wasicheze nayo. Na kama ordinateri inakuchoma vidole ukigusa chuma chake, si uchawi na si ya kuzoea: prizi yenu haina tere, na filta ya sanduku inatupa karibu nusu ya volti kwa chuma. Chimba tere. Fito ya shaba na waya, jioni moja na jirani.

Wauzishaji hatuwachukie, ni ndugu zetu, nao wanaletewa. Tunawaomba kitu kimoja: kwa fakturi waandike alama ya alimantasio, umeme unaoingia, na ampere za +12V. Mistari mitatu. Delegasio isilipe proforma isiyo nayo.

Na ule umeme wa magharibi tusiuache hivi. Tunafungua daftari kwa ofisi ya sendika. Mwenye multimetri asome prizi yake saa moja ya jioni na saa tano ya usiku, kwa wiki mbili, aandike tarehe, saa, kartie na namba aliyoona. Asiye na multimetri, ofisini iko moja ya kuazima, unaacha karta yako ya kazi na unairudisha kesho yake. Tukipata mitaa ya kutosha, delegasio itapeleka namba zile kwa wakubwa wa umeme na kwa kampani zinazovuta kwa laini ileile, na kila mwenye kuandika ataweka sahihi yake chini.